Fungu la Nje na Mkondo Usiogeuka

Upepo wa Unguja na Pemba hugeuka mara mbili kwa mwaka. Mkondo wa bahari kuu haugeuki. Wakati wa kusi, upepo wa kusini, unakwenda kaskazini, na wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini mashariki, pia unakwenda kaskazini, ila kwa mwendo wa polepole. Anayekwenda kuvua, kuzamia au kukatiza tu juu ya fungu la nje akilijua hilo, sehemu kubwa ya mipango yake imeshakaa sawa: anajua aanzie upande gani wa fungu, abakishe mafuta kiasi gani ya kurudia, na injini ikizima, anajua atakokotwa kuelekea wapi.

Fungu la nje ni kilima kilichozama. Kaskazini ya Nungwi, katika njia ya vyombo viendavyo Pemba, lipo moja ambalo ramani za bahari huliita Leven, jina la meli ya kivita ya Uingereza iliyopima pwani hii katika miaka ya 1820 chini ya Kapteni William Owen. Kilele chake kipo mita zisizofika 20 chini ya uso wa maji, ilhali ukitoka pembeni kidogo bahari inazama mamia ya mita. Fungu Kizimkazi ni la namna nyingine. Lipo zaidi ya kilomita 60 kusini mashariki ya Unguja, na juu yake kimetokeza kisiwa kidogo cha matumbawe, tambarare, kisichozidi mita chache kutoka usawa wa bahari, makazi ya ndege wa baharini. Mgeni hukiona akiwa tayari amekikaribia mno.

Kwa nini mkondo haugeuki

Mkondo wa Pwani ya Afrika Mashariki huanzia mbali. Pepo za kudumu za kusini mwa ikweta husukuma maji ya Bahari ya Hindi kuelekea magharibi. Maji hayo hupita ncha ya kaskazini ya Madagaska, yakaja kugonga bara karibu na Rasi Delgado, si mbali na mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Hapo hugawanyika: mengine hushuka Msumbiji, mengine hupanda kupita Mtwara, Mafia, Unguja, Pemba na Mombasa. Pepo hizo za mbali hazikomi eti kwa sababu kaskazi imeanza kuvuma Nungwi. Kwa hiyo mkondo nao haukomi.

Kinachobadilika ni kasi. Katika kilele cha kusi, kati ya Juni na Agosti, upepo na mkondo husaidiana, na maji yanaweza kukimbia kilomita 6 hadi 7 kwa saa. Huo ni mwendo ambao mpiga kasia hawezi kuushinda kwa muda mrefu, na mashua yenye injini ndogo itajikuta imesimama pale pale huku mafuta yakiungua. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, upepo huuzuia mkondo na kasi yake hupungua sana, mara nyingi ikashuka chini ya kilomita 2 kwa saa.

Msomaji wa Lamu na Kiunga asiichukue kanuni hii kama ilivyo. Huko juu, wakati wa kaskazi, Mkondo wa Somalia hugeuka na kushuka kusini. Hukutana na ule unaopanda kutoka Tanzania mahali fulani kati ya Malindi na mpaka wa Somalia, kisha yote miwili huelekea mashariki, bahari kuu. Mahali pa kukutana huhama mwaka hadi mwaka. Anayevua nje ya Ghuba ya Ungwana mwezi wa Februari anaweza kukuta maji yakielekea kusini wiki hii na mashariki wiki ijayo. Kwake, kupima ni lazima kila safari.

Mikondo mitatu ndani ya mmoja

Ukiwa juu ya fungu, kinachokisukuma chombo chako ni jumla ya vitu vitatu.

Cha kwanza ni mkondo mkuu uliokwishaelezwa. Cha pili ni maji kujaa na kupwa. Hayo hubadilika kila baada ya saa 6 na dakika chache, na nguvu yake hufuata mwezi: siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hapa kwetu hufikia mita 4 hivi, siku za maji mafu hupungua mno. Cha tatu ni msukumo wa upepo kwenye maji ya juu, ambao ni kama sehemu 2 au 3 katika 100 za kasi ya upepo wenyewe. Upepo wa kilomita 40 kwa saa utaongeza au kupunguza takriban kilomita moja kwa saa.

Ndiyo maana nahodha mmoja hukuta mkondo wa kilomita 3 kwa saa asubuhi na mwenzake akakuta kilomita 6 mchana, mahali palepale, siku ileile. Wote wawili wamesema kweli.

Kisha kuna umbo la fungu lenyewe. Maji yakitoka kilindini na kukuta kilima, sehemu hupita pembeni na sehemu hulazimika kupanda, kama watu wanaotoka uwanja wa mpira kwa geti moja: wanaobanwa katikati ndio wanaokwenda mbio. Kwa hiyo mkondo huwa mkali zaidi juu ya kilele na kwenye mabega ya fungu kuliko kwenye kilindi cha jirani. Upande wa nyuma, yaani kaskazini ya fungu, maji huzunguka, na penye ukingo mkali huweza kushuka chini ghafla. Upande wa mbele, kusini, maji ya chini yenye rutuba husukumwa juu, dagaa hukusanyika, na kolekole, nguru na jodari husimama wakiukabili mkondo, wakisubiri kuletewa. Wavuvi wa mshipi wenye uzoefu hawahangaiki kuzunguka fungu zima. Huanzia bega la kusini.

Msimu kwa msimu

*Kaskazi, Desemba hadi Machi.* Huu ndio msimu ambao vyombo vidogo hutoka kwa wingi, na ndio wenye mtego usioonekana kutoka ufukweni. Upepo unatoka kaskazini mashariki, mkondo unakwenda kaskazini: vinagongana. Kwenye kilindi mgongano huo hauna kishindo. Juu ya fungu, ambako mkondo umeongeza kasi, mawimbi hufupika na kusimama wima, yakakaribiana kiasi kwamba chombo kidogo hakipati nafasi ya kupanda moja kabla ya jingine kukifikia. Mara nyingi asubuhi huwa shwari, na upepo huzidi kadiri jua linavyopanda. Kama unataka kuwa juu ya kilele cha fungu, uwe umemaliza kazi yako mapema na mchana ukukute njiani kurudi.

Kosa la msimu huu linatoka pwani. Karibu na ufuo, maji mepesi ya juu hufuata upepo, na wakati wa kaskazi huelekea kusini. Ushahidi ulio wazi uko Malindi: tope la Mto Sabaki hushuka kusini na kuchafua fukwe na hifadhi ya bahari ya Malindi msimu wa kaskazi, halafu wakati wa kusi hupelekwa kaskazini, upande wa Mambrui. Mtu anayeona takataka zikielea kuelekea kusini mbele ya diko lake hudhani na kule nje mambo ni hayo hayo. Sivyo. Kati ya diko na fungu la nje unavuka kutoka maji yanayotii upepo kwenda maji yanayotii mkondo mkuu, na hakuna kibao kinachoonyesha mpaka.

*Kusi, Aprili hadi Septemba au Oktoba.* Upepo na mkondo vinakwenda njia moja. Kutoka Nungwi kwenda fungu la Leven ni kama kuteremka: bahari iko nyuma yako, chombo kinateleza, na kila mtu anajisifu kwa injini yake. Bili huja wakati wa kurudi. Hapo upepo, mawimbi na mkondo vyote vinakukabili, na ni vile vile vilivyokuwa vikikusaidia saa 2 zilizopita. Ikitokea maji ya kujaa au kupwa yakaukabili upepo, bahari huchafuka bila upepo kuongezeka hata kidogo. Kama bahari imebadilika ghafla na upepo ni uleule, angalia saa na jedwali la maji, si mawingu.

Mkondo wa Nungwi una sifa mbaya tangu zamani, na mabaharia wa Pemba hawalitaji jina hilo kwa mzaha. Ni katika maji hayo meli ya abiria MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. Meli hiyo ilikuwa imejaza watu na mizigo kupita kiasi, na huko ndiko lawama ilikoelekezwa, si kwenye mkondo. Lakini chombo kilichozidiwa hupata adhabu yake haraka zaidi mahali ambapo maji hayatulii.

*Tanga mbili.* Kati ya misimu, hasa Machi hadi Aprili na Oktoba hadi Novemba, upepo hulegea. Mkondo mkuu unaendelea, na kwa kuwa upepo hauusumbui, kupima kwako kutakuwa sahihi zaidi. Ni wakati mzuri wa kujifunza fungu geni. Kumbuka tu kwamba bamvua za karibu na Machi na Septemba huwa kubwa kuliko za miezi mingine.

Kabla ya kutoka

1. Tazama mwezi. Wavuvi wa Unguja huhesabu siku za mwezi kwa vidole, na hesabu hiyo inatosha. Siku ya 1 hadi ya 3 na ya 15 hadi ya 17 ni bamvua. Siku ya 7 hadi ya 9 na ya 22 hadi ya 24 ni maji mafu. Safari ya kwanza kwenye fungu usilolijua ifanyike maji mafu.

2. Jua saa za maji. Unguja, siku za bamvua, maji hujaa takriban saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na hupwa karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Kila siku inayofuata, ongeza dakika 50 hivi. Usichukulie kwamba mkondo wa fungu husimama dakika ile ile maji yanapofika kikomo ufukweni. Huweza kutangulia au kuchelewa. Andika unachokiona na baada ya safari kadhaa utakuwa na jedwali la fungu lako mwenyewe.

3. Sikiliza utabiri. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa bahari na tahadhari za upepo na mawimbi. Tahadhari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2 ina maana ya bahari ya wazi. Juu ya fungu, mkondo ukiukabili upepo, tarajia hali mbaya kuliko hiyo.

4. Fanya hesabu ya mafuta kwa kurudi, si kwa kwenda. Hesabu ipo chini.

5. Acha habari. Mwambie bwana diko au mtu wa nyumbani unakwenda fungu gani, saa ngapi utarudi, na saa ngapi aanze kuuliza. Hakikisha anajua kwamba ukipotea, utafutwe kaskazini ya fungu.

KISANDUKU: Hesabu ya safari ya kilomita 12

Chombo chenye mwendo wa kilomita 10 kwa saa, fungu liko kaskazini.

- Hakuna mkondo: kwenda saa 1 na dakika 12, kurudi saa 1 na dakika 12.
- Mkondo wa kilomita 4 kwa saa: kwenda dakika 51, kurudi saa 2.
- Mkondo wa kilomita 6 kwa saa: kwenda dakika 45, kurudi saa 3.

Ulichokiokoa kwa kwenda ni kidogo, unachokilipa kwa kurudi ni kikubwa. Anayesema "nimetumia lita 5 kuja, nitatumia 5 kurudi" ataishiwa njiani. Gawa mafuta sehemu tatu: ya kwenda, ya kurudi iliyo kubwa zaidi, na akiba isiyoguswa. Mkondo ukifika nusu ya mwendo wa chombo chako, usiende kaskazini ya bandari yako bila mafuta ya kurudia yaliyo mara 3 ya yale ya kwendea.

Ukifika funguni: pima

Usiamini macho. Uso wa bahari wenye makunyanzi huonekana kwenda upande wa upepo hata maji yakiwa yanakwenda upande mwingine.

Njia nyepesi ni simu au kifaa cha GPS. Simama kusini ya fungu, zima injini au iache bila gia, subiri dakika 2 chombo kipoteze mwendo wake, kisha soma kasi na mwelekeo. Kama kifaa kinaonyesha noti, zidisha kwa 1.85 kupata kilomita kwa saa. Upepo pia unakisukuma chombo, kwa hiyo siku ya upepo mkali tumia njia ya pili.

KISANDUKU: Dumu na kamba ya mita 30

1. Tafuta mahali penye mchanga na utie nanga. Usitie nanga juu ya matumbawe: utayavunja, na nanga ikinasa hutaipata.
2. Chukua dumu la lita 5, lijaze maji ya bahari mpaka libaki likichungulia tu. Dumu tupu litafuata upepo.
3. Lifunge kwa kamba nyembamba ya mita 30, liachie tezi, yaani nyuma ya chombo, na uanze kuhesabu sekunde.
4. Kamba ikikaza, gawanya 108 kwa sekunde ulizohesabu. Jibu ni kilomita kwa saa.

Sekunde 54 ni kilomita 2 kwa saa. Sekunde 27 ni kilomita 4. Sekunde 18 ni kilomita 6, na hapo ni wakati wa kuondoka kama chombo ni kidogo. Tazama pia upande ambao dumu limekwenda, na urudie baada ya saa moja. Tofauti kati ya vipimo viwili ndiyo inayokuambia kama mkondo unapanda au unalegea.

Pasipo na mchanga, weka alama mbili za nchi kavu mstari mmoja, kwa mfano mnara wa taa wa Nungwi na mti au jengo nyuma yake, kisha angalia zinaachana kwa haraka gani.

Kuvua na kuzamia kwa kufuata mkondo

Mvuvi wa mshipi aanze mita mia kadhaa kusini ya ukingo, aache chombo kikokotwe kupita juu ya bega la fungu, avue mpaka kina kinapoanza kuzama tena upande wa pili, kisha azunguke kwa pembeni, mbali na wenzake, na kuanza upya. Kurudi kwa kukatiza katikati ya fungu ni kuharibu mkondo wa kazi wa wengine na kupambana na maji yenye kasi kuliko yote.

Mzamiaji ashuke kusini pia, na chombo kimfuate kwa kaskazini, kikitazama mapovu au boya lake. Chombo kilichotia nanga hakifai: mzamiaji akipitwa, hatarudi kwa kuogelea. Akikuta maji yanamvuta chini ukingoni, aogelee kwa pembeni kuelekea juu ya fungu au kuelekea bahari wazi, asishindane nayo kwa kupanda wima.

Makosa yanayojirudia

Kufunga kamba ya nanga tezi. Mkondo ukiongezeka, tezi huvutwa chini na maji huingia. Nanga ifungwe omo tu, yaani mbele, kamba iwe ndefu mara 5 ya kina au zaidi, na kisu kiwe mkononi. Nanga hununuliwa tena.

Kutegemea tanga peke yake wakati wa kaskazi kwa kudhani upepo utakurudisha nyumbani kusini. Upepo ukilegea jioni, mkondo unabaki, na chombo kinaanza kurudi kaskazini kimya kimya.

Kulala juu ya fungu usiku bila zamu. Nanga huburutika mkondo unapobadilika saa ya nane usiku kama inavyoburutika mchana.

Kulichukulia Fungu Kizimkazi kama Leven. Anayekokotwa kutoka Leven ana Pemba na mwambao wa bara pande zake. Anayekokotwa kutoka Fungu Kizimkazi anapita nje ya Unguja na Pemba, upande wa mashariki, penye bahari wazi. Safari hiyo haifai kwa chombo kimoja au injini moja.

Injini ikizima

1. Kama kina kinaruhusu, tia nanga mara moja, kabla fungu halijakupita. Dakika 10 za kuhangaika na plagi katika mkondo wa kilomita 6 kwa saa ni kilomita moja nzima.
2. Kila mtu avae jaketi la kujiokolea.
3. Toa taarifa kwa redio ya VHF, chaneli 16, au kwa simu wakati mtandao ungalipo. Taja mahali, saa, idadi ya watu, na kasi na mwelekeo wa mkondo ulioupima. Katika maji ya Zanzibar, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo (KMKM) ndio waokoaji.
4. Ukishapita fungu, shusha nanga ya kuelea kutoka omo: mfuko wa turubai, ndoo mbili, hata tanga lililofungwa kamba. Itakifanya chombo kikabili mawimbi. Haitauzuia mkondo.
5. Usikiache chombo. Kinaonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu.

Orodha ya kupitia ufukweni

☐ Siku ya mwezi na saa za maji zimeandikwa
☐ Utabiri wa leo, si wa jana
☐ Mafuta ya kurudi yamehesabiwa dhidi ya mkondo, na akiba ipo
☐ Jaketi kwa kila kichwa
☐ Nanga, kamba ya kutosha, kisu
☐ Dumu la lita 5 na kamba ya mita 30
☐ Simu iliyochajiwa ndani ya mfuko usioingia maji. Redio kama ipo
☐ Dira, tochi, filimbi, kioo cha kumulikia
☐ Maji ya kunywa ya siku mbili
☐ Mtu wa nchi kavu anajua: fungu gani, saa ya kurudi, na kwamba aelekeze watafutaji kaskazini